Kuitembelea Kirstenbosch Wakati wa Baridi: Mwongozo Kamili wa Kuona Maua ya Majira

Mtu anayepanga kwenda Cape Town kwa ajili ya maua huambiwa asubiri Septemba, wakati matuta yamefunikwa na maua ya mwaka mmoja na hoteli zimejaa watalii. Ushauri huo si wa uongo, lakini umepungua. Katika Bustani ya Taifa ya Mimea ya Kirstenbosch, iliyopo kwenye mteremko wa mashariki wa Table Mountain, miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo inayokutanisha protea na erika, ambavyo ni vichaka vya maua vya huko, pamoja na shubiri na ndege wanaozifuata, na ndiyo miezi ambayo mgeni anaweza kusimama mbele ya kichaka kimoja kwa muda mrefu bila kubanwa na msafara wa watu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupanga ziara ya siku moja katika majira hayo, tangu kuchagua wiki ya kwenda hadi kuamua ni mbegu zipi zinafaa kurudi nazo nyumbani. Msingi wake ni mwanga. Mlima uko upande wa magharibi, na katika siku fupi za baridi jua hujificha nyuma yake mapema alasiri, kwa hiyo anayezunguka bustani bila mpangilio hufika kwenye maua yanayohitaji jua baada ya jua kuondoka.

Hatua ya kwanza: Ielewe baridi ya Rasi

Msomaji wa Afrika Mashariki anakijua kipupwe, yaani miezi ya Juni hadi Agosti ambayo katika sehemu nyingi ni ya ubaridi na ukavu. Katika Rasi (Cape), yaani ncha ya kusini-magharibi ya bara letu, kalenda ni ileile, ila baridi na mvua huja pamoja. Kuanzia Mei mawimbi ya hewa baridi hutoka Bahari ya Atlantiki yakisukuma upepo wa kaskazini-magharibi na mvua nzito, na Kirstenbosch, kwa kuwa imeegemea mlima unaozuia mawingu, hupata mvua nyingi kuliko katikati ya jiji. Kiangazi, kwa upande mwingine, ni kikavu na chenye upepo mkali wa kusini-mashariki. Mimea ya asili ya huko imejizoeza na mpangilio huo: hukua na kuchanua wakati udongo una maji na jua si kali, kisha hujikaza au hulala chini ya ardhi wakati wa joto.

Hii ndiyo sababu mtu aliyezoea habari za bustani za Ulaya, ambako Desemba na Januari ni miezi ya matawi matupu na maua machache ya kubembelezwa, hushangaa anapofika Kirstenbosch mwezi Julai. Halijoto ya Cape Town mwezi huo huwa karibu nyuzi 17 au 18 mchana na hushuka hadi nyuzi 7 au 8 usiku. Si joto, lakini pia si baridi ya kuua mmea. Eneo la maua la Rasi lina takriban spishi 9,000 za mimea, na zaidi ya theluthi mbili hazipatikani kiasili mahali pengine popote duniani. Bustani hii ilianzishwa mwaka 1913 ili kulinda na kuonyesha mimea ya asili ya Afrika Kusini, na mwaka 2004 iliingizwa katika Urithi wa Dunia pamoja na maeneo mengine ya uoto huo wa vichaka unaoitwa fainbosi.

Hatua ya pili: Chagua wiki yako kwa mujibu wa unachotaka kuona

Majira ya baridi hayana sura moja. Mwezi Juni shubiri huwa zinawaka, protea za majira hayo ziko katika ubora wake, na ndege-sukari wa Rasi wako kwenye shughuli za kuzaliana. Julai ni mwezi wa mvua nyingi, lakini ndio unaofaa kwa erika nyingi na kwa leukadendroni, jamaa za protea ambazo majani yake ya juu hugeuka manjano wakati wa kuchanua. Kuanzia mwisho wa Julai na kuendelea Agosti hujitokeza madaisi ya Namaqualand, eneo kavu la kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, na zile protea jamaa zinazofanana na mto wa kuchomekea pini, Leucospermum, huanza kufungua vichwa vyake vya kwanza.

Kwa maoni yangu, anayeweza kwenda mara moja tu na achague wiki ya kwanza au ya pili ya Agosti. Shubiri zitakuwa zinaelekea kwisha, lakini hasara hiyo ni ndogo kwa msomaji wa kwetu ambaye anaziona shubiri kila kipupwe kwenye miamba ya nyumbani, na atapata protea, erika na madaisi kwa pamoja. Anayependa ndege kuliko maua aende Juni.

Hatua ya tatu: Isome hali ya hewa kabla ya kupanda gari

Mvua ya Rasi huja kwa vipindi. Wimbi la baridi hupita kwa siku moja au mbili, upepo ukibadilika kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-magharibi, kisha hufuata siku za utulivu zenye jua na anga iliyosafishwa. Siku inayofaa ni ile ya pili baada ya mvua kukatika: vijia vimeanza kukauka, maua yaliyoinama yamenyanyuka, na ndege wenye njaa wamerudi kwa wingi. Mgeni aliyepanga kukaa jijini kwa siku nne au tano asifunge tarehe ya kwenda bustanini kabla hajatazama utabiri. Aziache shughuli za ndani, kama makumbusho, kwa siku za mvua.

Bustani hufunguliwa saa mbili asubuhi, na katika miezi ya baridi hufungwa saa kumi na mbili jioni. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza karibu saa mbili kasorobo na kuzama kabla ya saa kumi na mbili, hivyo karibu mwanga wote wa siku upo ndani ya saa za kufunguliwa. Umbali kutoka katikati ya Cape Town ni kama kilomita 13. Vaa nguo za tabaka ambazo unaweza kuzivua jua likitoka, chukua koti lisilopitisha maji, na viatu vyenye soli ya kushika, kwa sababu vijia vya mawe vilivyo juu huteleza. Mwavuli hausaidii sana penye upepo wa mlimani. Darubini ndogo itakufaa kuliko kamera kubwa.

Hatua ya nne: Anza na mteremko wa juu asubuhi

Eneo zima la Kirstenbosch ni hekta 528, lakini sehemu iliyolimwa na kutunzwa kama bustani ni hekta 36 tu, na hizo ndizo za kutembea kwa siku moja. Ingia kwa lango la chini lenye kituo cha wageni, chukua ramani, kisha, ingawa kila kitu kitakushawishi kusimama njiani, panda moja kwa moja hadi bustani ya protea. Mteremko unatazama mashariki, hivyo jua la asubuhi huupiga usoni, na protea ni mimea ya mwanga.

Hapa usiwe na haraka. Kinachoitwa ua la protea ni kichwa chenye maua mengi membamba yaliyosongamana, kikizungukwa na majani ya rangi yanayolinda kichwa hicho, ambayo wataalamu huyaita brakti. Tafuta kwanza Protea repens, yenye brakti za nyeupe-krimu au nyekundu zinazonata ukizigusa. Hutoa nekta nyingi kiasi kwamba wakazi wa zamani wa Rasi waliikusanya na kuichemsha iwe shira ya kutibia kikohozi. Karibu yake tafuta Protea neriifolia, ambayo ncha za brakti zake zina manyoya meusi kama ukope. Baada ya hizo mbili utaweza kuzitambua nyingine kwa kulinganisha.

Simama hatua chache kutoka kwenye kichaka chenye vichwa vilivyofunguka nusu, utulie kwa dakika kumi. Ndege-sukari wa Rasi, Promerops cafer, atakuja: dume ana mkia mrefu sana kuliko mwili wake, na upepo huuyumbisha anapokaa juu ya ua. Anapozamisha mdomo kufuata nekta, paji lake hupakwa chavua, naye huipeleka kwenye ua linalofuata. Ndege huyu huzaliana kuanzia mwisho wa kiangazi hadi katikati ya baridi kwa sababu ndipo protea zinapochanua. Chakula cha makinda kinapangwa na mimea. Utawaona pia ndege wadogo aina ya chozi wenye kifua cha rangi ya chungwa, ambao hupenda zaidi erika.

Kisha inama. Zipo protea zinazotoa maua chini kabisa, yamefichwa chini ya matawi yakitazama ardhi, kama Protea amplexicaulis na Protea humiflora. Huchanua wakati wa baridi, zina rangi hafifu na harufu ya hamira, na wachavushaji wake ni panya wadogo wa porini wanaokuja usiku kulamba nekta. Wageni wengi hupita bila kuyaona, nayo ni miongoni mwa mambo yanayostahili safari hii kuliko ile protea kubwa ya mfalme iliyochapishwa kwenye kila kadi ya posta.

Neno moja kuhusu mti wa fedha, Leucadendron argenteum, ambao kiasili hukua hasa kwenye miteremko ya rasi ya Cape. Majani yake yana vinyweleo laini vinavyolala wakati wa ukavu na joto, na hapo ndipo jani hung'aa sana. Unyevu ukizidi vinyweleo husimama na mng'ao hupungua. Usitarajie basi kuuona katika ubora wake mwezi Julai. Badala yake angalia leukadendroni fupi, kama Leucadendron laureolum, ambazo vichaka vyake huwa vya manjano tupu. Mimea hii ina jinsi mbili katika mashina tofauti: dume huwa na rangi kali zaidi, jike ana koni katikati ya majani.

Hatua ya tano: Pita kwenye erika ukiwa bado juu

Bustani ya erika iko karibu na ya protea. Rasi ina zaidi ya spishi 600 za erika, na anayejaribu kuzikariri atachoka kabla ya saa sita. Njia bora ni kuzisoma kwa umbo la ua. Ua refu lenye umbo la bomba, hasa lililopinda kidogo, limetengenezwa kwa ajili ya mdomo wa chozi. Ua dogo la duara kama mtungi ni la nyuki na wadudu wengine. Tafuta Erica patersonii, ambayo maua yake ya manjano hujipanga kwenye shina yakafanana na gunzi la mahindi, na Erica cerinthoides yenye vishada vyekundu, ambayo porini huchipua upya na kuchanua vizuri baada ya moto.

Msomaji aliyepanda Kilimanjaro au Rwenzori amekwishapita katikati ya jamaa za mimea hii, maana mikanda ya erika ya milima yetu ni ya jenasi hiyohiyo, ila yetu hukua hadi kuwa miti iliyoning'inizwa ndevu za kuvu-mwani. Protea pia zipo kwenye nyanda za juu za Tanzania na Kenya.

Hatua ya sita: Saa sita mchana, shuka kwenye jua

Kati ya saa tano na saa nane mchana ndipo madaisi huwa wazi. Dimorphotheca sinuata na wenzake hufungua petali kwa joto na mwanga, hugeukia jua, na hujifunga mawingu yakitanda. Kwa hiyo simama ukiwa na jua mgongoni. Ukisimama upande wa pili utaona migongo ya maua tu. Siku ya mawingu usipoteze muda kuyasubiri. Mimea hii huishi mwaka mmoja: mbegu hupandwa vuli ya huko, yaani Machi na Aprili, mvua ikazikuza, na matuta ya chungwa, manjano na nyeupe hujaa kuanzia mwisho wa Julai.

Ukitoka hapo nenda kwenye bustani ya miamba ya Mathews, iliyopewa jina la msimamizi wa kwanza wa bustani. Ni mahali pakavu na penye joto ambapo shubiri zimepandwa pamoja na mimea mingine ya majani manene. Aloe ferox husimamisha mishumaa yake myekundu juu ya shina moja, Aloe arborescens huenea kama kichaka, na Crassula ovata, ambayo watu wengi wanaijua kama mmea wa chungu wa dirishani usiotoa ua, hapa hufunikwa na nyota nyeupe zenye wekundu kidogo.

Usiondoke chini bila kuitafuta strelitzia ya manjano. Strelitzia ya kawaida, lile ua linalofanana na kichwa cha ndege mwenye kishungi, ni ya chungwa. Ya manjano ni adimu. Mtaalamu wa Kirstenbosch, John Winter, aliichavusha kwa mkono na kuchagua miche kwa karibu miaka 20 hadi akapata mbegu za kutosha. Ilitolewa mwaka 1994 kwa jina la Kirstenbosch Gold, na mwaka 1996 ikaitwa Mandela's Gold. Mwezi Agosti mwaka huohuo Nelson Mandela alipanda bustanini mti wa Warburgia salutaris, unaojulikana sana kwa tiba za asili.

Hatua ya saba: Alasiri iachie mimea ya kivuli

Jua likishajificha nyuma ya mlima, rangi kali hufifia na bustani hupoa ghafla. Sasa ndio wakati wa bondeni, penye chemchemi na kidimbwi chenye umbo la ndege kilichojengwa mwanzoni mwa karne ya 19. Juu yake kuna mkusanyiko wa saikadi, mimea ya kale yenye majani kama ya mtende, ulioanzishwa mwaka 1913 na Harold Pearson, mkurugenzi wa kwanza, aliyefariki mwaka 1916 na kuzikwa humohumo bustanini. Mmoja wa mimea hiyo, Encephalartos woodii, umezungushiwa kizimba kwa kuogopa wezi: spishi hiyo inatokana na mmea mmoja dume uliopatikana mwaka 1895 katika msitu wa Ngoye, mashariki mwa Afrika Kusini, na jike halijawahi kupatikana. Chini ya miti angalia Veltheimia bracteata, yenye majani mapana yanayong'aa na maua ya waridi yanayoning'inia, ambayo huchanua vizuri penye kivuli.

Njia ya juu ya miti, iitwayo Boomslang, ilifunguliwa mwaka 2014. Ina urefu wa mita 130 na hufikia mita 12 juu ya ardhi. Ipite kabla ya giza kuanza. Jumba la vioo liache kama akiba ya mvua: ndani yake kuna mbuyu, welwitschia ya jangwa la Namib, na vyungu vya mimea yenye tunguu ardhini kama Lachenalia, ambayo hubadilishwa kadiri inavyochanua.

Hatua ya nane: Andika kama mtunza bustani

Mimea mingi bustanini ina kibao chenye jina la kisayansi. Piga picha ya kibao kwanza, kisha ya ua, kisha ya kichaka kizima, kwa mpangilio huohuo kila mara, la sivyo jioni utakuwa na picha nyingi nzuri zisizojulikana ni za nini. Andika pia tarehe, kama ua lilikuwa tumba, wazi au limenyauka, na ni mdudu au ndege gani alikuwa juu yake. Erika na maua mengine madogo hupigika vizuri zaidi siku ya mawingu, kwa kuwa jua kali hufuta rangi zake.

Hatua ya tisa: Unaporudi na mbegu

Usichume wala kuokota kitu chochote bustanini. Nunua mbegu zenye lebo, na kabla ya kusafiri uliza idara ya afya ya mimea ya nchi yako kuhusu kibali cha kuingiza na cheti cha usafi wa mimea. Saikadi za jenasi Encephalartos ziko katika orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na shubiri, isipokuwa Aloe vera, zote zinadhibitiwa na mkataba huo. Usizibebe bila hati.

Mbegu za fainbosi zina tabia yake. Mwaka 1990 watafiti de Lange na Boucher walionyesha kwamba moshi wa mimea inayoungua huamsha mbegu ya Audouinia capitata, na baadaye Kirstenbosch ikathibitisha hivyo kwa spishi nyingi nyingine. Kwa hiyo wapandaji huloweka mbegu kwa siku moja katika maji yaliyopitishiwa moshi kabla ya kuzipanda. Mbegu za protea huhitaji pia tofauti ya usiku wa baridi na mchana wa joto, jambo ambalo hufanya nyanda za juu, kama Njombe au Limuru, zifae kuliko pwani. Kwenye pwani usijaribu protea kabisa. Weka nguvu zako kwenye shubiri na strelitzia.

Tumia udongo wa kichanga, wenye asidi kiasi, unaopitisha maji haraka. Fukia mbegu kwa kina kisichozidi unene wake. Miche ikishakua ipande mahali penye jua na upepo, na usiipe samadi wala mbolea yoyote yenye fosforasi: mizizi ya protea imeumbwa kufyonza chembe chache za fosforasi kutoka ardhi maskini, na ikipewa kwa wingi humezwa hadi ikawa sumu, majani yakageuka manjano na mmea ukafa. Usipalilie kwa jembe karibu na shina, kwa kuwa mizizi hiyo iko juujuu. Funika udongo kwa majani makavu na ng'oa magugu kwa mkono. Mwagilia asubuhi, si jioni, katika miaka miwili ya kwanza, na usihesabu kupata ua kabla ya mwaka wa tatu au wa nne.